Haki ya Maskini Siku za Maradhi Makuu

Mtu akitoka Yahuma na kuelekea kaskazini-magharibi, akafika mto Kongo, atauona mji wa Bumba ukingoni. Akiendelea tena kaskazini karibu kilomita mia moja kwa njia ya msituni, atafika Yambuku. Ni mahali panapofanana na vijiji vingi vya nchi hii: mihogo, mpunga, michikichi, njia ya udongo mwekundu, na misioni yenye kanisa, shule na hospitali. Hospitali ile ilikuwa na vitanda 120. Watu walitembea siku nzima, wengine siku mbili, ili kufika kwake, nao waliitumaini. Mwaka 1976 wengi wa hao walioitumaini walipata humo ugonjwa uliowaua.

Wakatekumeni wapendwa, habari hii haisimuliwi ili kuwatia hofu. Inasimuliwa kwa kuwa mtu akiitazama vema ataona ndani yake jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa maneno matupu: haki ya maskini ni nini, na kwa sababu gani huvunjika upesi zaidi maradhi ya kuambukiza yanapoingia nchini.

Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka ule, mwalimu mmoja wa shule ya misioni alirudi kutoka safari ya kaskazini akiwa na homa. Ilidhaniwa kuwa ni malaria, akachomwa sindano ya dawa ya malaria, naye akapata nafuu kidogo. Kisha homa ikarudi kwa nguvu, pamoja na kutapika na kutokwa na damu. Tarehe 8 Septemba akafariki. Ndugu zake wakamwosha na kumlilia, kama inavyofanywa kwa mtu mwenye heshima. Baada ya siku chache waliomwosha wakaanza kuugua.

Lakini ugonjwa haukuenea kwa mazishi tu. Kila asubuhi wauguzi wa Yambuku walipewa sindano tano na mabomba yake, ziwatoshe wagonjwa wote wa siku ile, nao walikuwa mamia. Mtu akiisha kuchomwa, sindano ilioshwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, akachomwa mwingine. Jioni pengine zilichemshwa, pengine hazikuchemshwa. Wanawake wenye mimba, waliokuja kwa miguu yao wenyewe, wazima, ili wapimwe na kupewa sindano ya kuwatia nguvu, walirudi nyumbani wakiwa wamebeba kifo chao na cha watoto wao. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Mwanzoni mwa Oktoba milango ikafungwa, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuwahudumia wagonjwa. Hesabu ilipokwisha kufanywa, walioonekana kuugua walikuwa 318, na waliokufa 280.

Daktari Jean-Jacques Muyembe alifika kutoka Kinshasa, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono isiyo na glavu, maana hazikuwapo. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba ni kijidudu kipya. Wakakubaliana wasikiite Yambuku, ili watu wa kijiji kile wasibebe aibu milele, wakachukua jina la mto wa upande ule, Ebola. Hata katika jambo dogo kama hili palikuwa na haki iliyolindwa: haki ya watu kutoitwa kwa jina la msiba wao.

Sasa lipo swali ambalo mkatekumeni anapaswa kulifikiri polepole.

Swali: Je, yule mama aliyechomwa sindano chafu alinyimwa haki yake, hali hakuna aliyekusudia kumdhuru?

Jibu: Ndiyo. Haki si kutopigwa wala kutoibiwa tu. Haki ni mtu kupata kilicho stahili yake. Mgonjwa anayenyoosha mkono wake anastahili sindano safi, kama vile mwenye kununua chumvi anavyostahili chumvi na si mchanga.

Masista wa Yambuku hawakuwa watu wabaya. Hawakukimbia, walikaa na wagonjwa, na baadhi yao wakafa pamoja nao. Lakini wema wa moyo hautakasi sindano. Na haifai kuwatupia wao lawama yote, kwa maana zile sindano tano zilitoka katika umaskini uliokuwa mpana kuliko misioni moja. Mwaka ule ule, katika hospitali za Ulaya, sindano ilitumika mara moja ikatupwa. Hakuna mtu aliyekaa mezani na kuandika kwamba mtu wa Bumba ana thamani ndogo kuliko mtu wa Ulaya. Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa kwa matendo. Dhuluma nyingi juu ya maskini ni za namna hii: hazina mtu mmoja wa kushikwa mkono na kupelekwa mbele ya hakimu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa, maji safi na chakula wapewavyo maskini ni hisani, yaani zawadi ya mwenye huruma, naye akichoka kutoa basi. Kanisa halifundishi hivyo. Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyahesabu matunzo ya mganga miongoni mwa haki za kila mtu, pamoja na uhai, chakula, mavazi na nyumba. Mataifa nayo yalikwisha kusema jambo hilo katika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, inaahidi kwamba haki ya afya na ya kuwa na chakula italindwa. Basi mtu wa kijijini anapoomba sindano safi, haombi kama mwombaji wa njiani. Anadai kilicho chake, kwa adabu.

Lakini, atasema mtu, siku za tauni mambo ni mengine. Serikali hufunga njia, huzuia masoko, huwatenga wagonjwa. Je, hiyo si kuvunja haki?

Jibu lataka uangalifu. Eneo la Bumba lilifungwa Oktoba 1976, na kwa majuma mengi watu hawakuruhusiwa kutoka wala kuingia. Kufunga huko peke yake hakukuwa dhuluma. Wazee wa vijiji vya Yambuku walikuwa wamekwisha kufunga njia wenyewe, kabla ya wataalamu kufika. Waliweka vizuizi, wakawaamuru watu wakae majumbani, wakawatenga wagonjwa, maana waliikumbuka ndui na jinsi wazee wao walivyoizuia. Wataalamu waliokuja na mashine zao waliona kwamba watu hawa wasio na shule kubwa walijua jambo la maana. Na wale walionusurika, walipoombwa, wakatoa damu yao ili itengenezwe dawa ya kuwasaidia wengine. Maskini si mtu wa kuokolewa tu. Yeye pia huokoa.

Kufunga njia huwa dhuluma pale aliyefungiwa anaponyimwa chakula, chumvi, sabuni na habari za kweli. Mwenye ghala hukaa ndani kwa mwezi mzima bila shida. Mwanamke auzaye samaki wa leo ili anunue mihogo ya leo hawezi. Amri ni moja kwa wote wawili, lakini uzito wake si mmoja. Mtawala mwenye akili hulipima jambo hili kabla ya kutia sahihi.

Watu wa nchi hii wanayo kumbukumbu ya karantini iliyofanywa bila kupima. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliwamaliza watu wengi, nao ulienea zaidi kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa na kazi ya mpira na ya upagazi, na kuhamishwa huku na huku kwa nguvu. Serikali ya wakoloni ikajenga lazareti, kama ile ya Ibembo kwenye mto Itimbiri, kaskazini ya hapa. Mtu aliyeonekana na tezi zilizovimba shingoni aliweza kukamatwa na askari, akatengwa na mke na watoto wake. Kusafiri kukahitaji cheti cha mganga. Dawa iliyotumika, atoksili, ilikuwa na sumu, na wengine waliotibiwa walipofuka macho. Si ajabu kwamba watu waliikimbilia misitu walipousikia msafara wa mganga unakuja. Wakubwa wakasema, watu hawa ni wajinga, hawapendi kupona. Kumbe walipenda kupona. Hawakupenda kushikwa kama mbuzi.

Matunda ya woga ule hayajaisha. Mpaka leo, wageni wenye mavazi meupe wakiingia kijijini wapo wanaoamini kwamba wamekuja kuleta ugonjwa. Anayewacheka watu hawa kwanza asome habari za lazareti.

Na malale yenyewe? Mwisho wa mwaka 2018 Kongo ilikubali dawa mpya ya malale, vidonge vya kumeza kwa siku kumi, ambavyo vilijaribiwa na wagonjwa wa Kongo wenyewe kwa hiari yao. Mgonjwa humeza dawa, na nduguze wanamwona. Tofauti ya lazareti na vidonge hivi si elimu ya dawa tu. Ni kwamba safari hii mgonjwa aliulizwa.

Katika Torati ya Musa mwenye ukoma aliagizwa kukaa nje ya kambi. Amri ile ilikuwa na maana yake: iliwalinda walio wazima. Bwana Yesu hakuidharau. Alipomponya mkoma, alimtuma aende kwa kuhani, ili athibitishwe kuwa ni mzima na kupokelewa tena kijijini kwa sheria. Lakini kabla ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: aliunyoosha mkono akamgusa. Wakatekumeni waangalie mpango wa matendo haya. Aliugusa mwili uliokataliwa, akaponya, kisha akamfungulia njia ya kurudi nyumbani. Wengi hufika penye kuponya wakasahau la tatu. Katika vita na Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyodumu tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 na kuua watu 2,287, wapo waliopona kabisa, wenye barua ya daktari mkononi, ambao walirudi wakakuta jirani hawataki kununua kwao wala kuketi nao. Barua ya kuhani walikuwa nayo. Kijiji ndicho kilichokosa kuitii.

Katika msiba huo huo wa Kivu lilitokea jambo jingine, nalo ni la aibu. Fedha nyingi ziliingia, na kazi nyingi zenye mshahara. Wanaume kadhaa waliokuja kwa jina la msaada waliwaambia wanawake na wasichana maskini kwamba hawatapata kazi isipokuwa wakikubali kulala nao. Tume iliyoundwa kuchunguza ilitoa taarifa yake Septemba 2021: ilipata washukiwa 83, na 21 miongoni mwao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Binti asiye na chakula nyumbani akiulizwa swali kama hilo hana uhuru wa kujibu. Mwenye dhambi hapo ni mmoja tu, naye si binti. Hili lisemwe wazi vijijini, maana desturi ya wengi ni kumlaumu msichana.

Na wakati macho yote ya dunia yalipoitazama Ebola, surua ilikuwa ikipita kimya nchini mwote. Tangu mwanzo wa 2019 hata Agosti 2020 iliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Ni zaidi ya mara tatu ya waliokufa kwa Ebola ile. Chanjo ya surua ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Lakini surua haivuki bahari kwenda kuwatisha wakubwa, ambao watoto wao wamekwisha chanjwa.

Kisha ikaja Korona. Mgonjwa wa kwanza Kongo alitangazwa tarehe 10 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha shule zote zilifungwa, na wasafiri wakakatazwa kutoka Kinshasa kwenda majimboni. Serikali iliweka masomo kwenye redio. Katika kijiji chenye redio mbili, na betri zinazouzwa kwa bei ya kuku, somo la redio ni somo la mtoto wa mwenye redio. Shule zilipofunguliwa kwa wote Oktoba ile, wako wasichana ambao hawakurudi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha ozwa au wana mimba. Haki ya kusoma haikufutwa kwa sheria yoyote. Iliteleza tu, kama mtumbwi usiofungwa. Huko Kinshasa asiyevaa barakoa alitozwa faini ya faranga 5,000. Kwa wengi wa mji ule hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi, na barakoa yenyewe ilihitaji fedha.

Haifai kusema kwamba kila kosa ni la matajiri. Machi 2021 Kongo ilipewa dozi milioni 1.7 za chanjo ya Korona. Uvumi ukawa mwingi, wakubwa wakasitasita, watu wakaogopa, na dozi karibu milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine za Afrika kabla hazijaharibika. Neno la uongo linaloenezwa sokoni nalo humnyang'anya maskini haki yake. Mzee mwenye pumu aliyedanganywa na jirani hakudhulumiwa na Ulaya.

Lakini katika ndui ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, mizani inaonekana wazi. Mtu wa kwanza kujulikana duniani kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, jimbo la Équateur, mwaka 1970. Kwa miaka hamsini watoto wa misitu ya Kongo waliugua, wengine wakafa, na dunia haikusumbuka. Mwaka 2022 ugonjwa ukafika Ulaya na Marekani, na chanjo zikapatikana huko mwaka ule ule. Dozi za kwanza za Kongo, karibu 100,000, zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Jimbo la Tshopo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyopangwa kuanza. Kati ya mtoto wa Basankusu na ndege ile ilipita miaka 54.

Basi yafaa mkatekumeni ajue mambo machache ambayo sheria ya nchi inasema, ili asidanganywe siku ya dhiki. Kifungu cha 61 cha Katiba kinasema kwamba hata serikali inapotangaza hali ya hatari, kama ilivyotangazwa Machi 2020, ziko haki zisizoweza kusimamishwa: haki ya uhai, kutoteswa wala kutotendewa kwa namna ya kumdhalilisha mtu, kutofanywa mtumwa, kujitetea mbele ya mashtaka, uhuru wa dhamiri na wa dini, tena kutofungwa kwa sababu ya deni. Neno hilo la mwisho lishikwe vema. Katika sehemu nyingi hutokea kwamba mama amejifungua, au mgonjwa amepona, naye anazuiwa kutoka hospitalini kwa majuma mengi kwa kuwa hana fedha za kulipa. Hospitali ina shida zake, na wauguzi wengi hawapati mshahara wa kutosha au hawapati kabisa; hili nalo ni kweli, na deni ni deni. Lakini mwili wa mtu si rehani. Katika kijiji chenye umoja, watu huchanga mawese, kuku, mpunga, mpaka ndugu yao atoke. Na wazee huenda kuzungumza na wenye hospitali kwa heshima, wakiwa na habari ya kifungu hiki kichwani.

Vilevile katika mazishi. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola ina hatari kubwa, na kuiosha kwa mikono ni kuwaita wengine kaburini. Hapo desturi lazima iache njia. Lakini familia ina haki ya kuambiwa sababu, kuuona uso wa marehemu kutoka mbali, kujua kaburi lake lilipo, na kusali. Palipofanywa hivyo, watu walikubali. Maiti zilipochukuliwa usiku bila neno, watu walirusha mawe. Wakubwa walioshangaa mawe hayo walikuwa hawajawahi kufiwa namna ile.

Mwalimu atakapomaliza kusoma somo hili awaulize wanafunzi, asiwape majibu: Mgonjwa wa mpox akirudi mzima kutoka kituo cha afya, nani hapa kijijini atakuwa wa kwanza kula naye sahani moja? Njia ikifungwa kwa majuma matatu, ni nyumba zipi zitakazokosa chumvi katika juma la kwanza, na nani atazipelekea? Na mama anayemshika mtoto wake mbele ya muuguzi, akitaka kuuliza kama sindano ni mpya, atauliza kwa maneno gani?